Ukiona Damu kwenye Mkojo, Sema

 

Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya Ali bin Abi Talib (r.a.), aliyekuwa akitokwa sana na madhii. Aliona haya kumuuliza Mtume (s.a.w.), kwa kuwa alikuwa mume wa binti yake. Lakini hakunyamaza. Alimwomba Mikdadi amuulizie, na jibu likapatikana. Mimi ninayesoma uuguzi huikumbuka habari hii nikiwafikiria wazee wetu wa Kamembe na Bugarama, maana mzee anaweza kukaa na ugonjwa wa sehemu hizo miaka bila hata mkewe kujua. Somo la leo ni saratani za figo, kibofu, tezi dume na korodani.

Tuanze na damu. Sisi tunaofanya istinjai kila siku tuna nafasi ya kuiona mapema. Damu inayokuja na maumivu makali mara nyingi ni ya mawe au maambukizi, na maumivu yenyewe humpeleka mtu hospitali. Ninayoiogopa zaidi ni isiyouma: inatoka leo, inapotea wiki tatu, mtu anasema amepona. Saratani ya kibofu mara nyingi hujitangaza hivyo hivyo, na ya figo pia. Kweli, dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hugeuza rangi ya mkojo, lakini kipimo ndicho kiamue. Dada zangu, ninyi mjihadhari zaidi, kwa sababu damu yenu husingiziwa hedhi, au mtu hupewa dawa za maambukizi mara tatu, nne, bila mkojo kupimwa. Mama aliyekoma hedhi asiseme imerudi.

Sababu kubwa ya saratani ya kibofu ni sigara: sumu ya moshi huchujwa na figo, kisha hukaa kibofuni pamoja na mkojo. Shisha, iliyopigwa marufuku Rwanda Desemba 2017, nayo ni moshi wa tumbaku. Wenzetu waliokulia Unguja na Pemba wana kichocho cha mkojo, ambacho kikikaa miaka mingi huweza kuleta saratani hiyo. Kichocho cha kwetu Rwanda ni cha matumbo, kwa hiyo mtu wa hapa asikifanye kisingizio.

Vijana wa kiume, korodani zinawahusu ninyi. Saratani yake ni nadra kwetu Afrika, lakini hupenda umri wenu. Baada ya kuoga maji ya moto, papasa kila moja taratibu. Ukikuta uvimbe mgumu, hata usiouma, nenda. Ikiwahiwa, wengi hupona kabisa.

Tezi dume ni ya baba zetu. Mkojo dhaifu, kusubiri kabla haujatoka, kuamka usiku mara nyingi: mara nyingi hayo ni tezi kukua kwa uzee tu, si saratani. Ila saratani changa yaweza isionyeshe dalili yoyote, na maumivu ya mifupa ya mgongo huja ikiwa imekwisha kusambaa. Nelson Mandela alitibiwa saratani ya tezi dume mwaka 2001, akaishi hadi 2013. Hapa mtoto awe Mikdadi wa baba yake. Na mzee aliyeacha jamaa kwa sababu mkojo unamdondoka, aambiwe kuwa kwa wanazuoni wengi ana udhuru: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe kila wakati wa sala unapoingia, kisha aswali. Halafu apelekwe kupimwa.

Njia ni hii. Anzia kituo cha afya na Mutuelle yako, upate barua ya rufaa kwenda Gihundwe au Mibilizi, na ikibidi mbele zaidi. Kituo cha saratani cha Butaro kipo tangu 2012, na tiba ya mionzi hutolewa Kigali, katika Hospitali ya Jeshi ya Kanombe, tangu 2019. Zamani wagonjwa walipelekwa nje ya nchi.

Ukishindwa kusema mapokezini mbele za watu, andika kwenye karatasi: "Nimekojoa damu," pamoja na tarehe, umpe muuguzi. Omba tabibu wa jinsia yako. Akikosekana, sharia inamruhusu mwingine aangalie kwa kadiri ya haja.

Wallahu a'lam.