Vitu Ambavyo Kamyo Inakataa: Somo kwa Mama Anayehama



Hapa Kolwezi, katika Manika na Dilala, watu wanahama mara nyingi. Bwana amepata kazi Likasi ao Lubumbashi. Mwenye lupango amepandisha bei ya nyumba. Ao madini yamefukuza watu. Unajua habari za Kasulo: mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba, watu wakaanza kuchimba ndani ya malupango yao, na toka mwaka 2017 familia nyingi zilihamishwa pale ili kampuni ichimbe. Baadaye watu wengi wa Cité Gécamines nao walipaswa kutoka. Basi kuhama si neno geni kwetu.

Siku ya kuhama kamyo inasimama mbele ya mlango. Kitanda kinapanda, meza inapanda, masufuria yanapanda. Halafu shofere anaonyesha kidole: bidoni ya esansi, batri ya zamani, mbabula yenye moto, mbuzi, mfuko wa madini. Anasema: «Hii hapana, mama. Hii sipakie.» Mama anakasirika. Anafikiri shofere anatafuta makuta zaidi.

Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi shofere ana haki. Na kuna jambo moja ambalo yeye haliangalii, wewe mama ndiwe utaliangalia: kitu ambacho kamyo imekataa kinabaki chini, mlangoni, karibu na mtoto wako. Siku ile wakubwa wote wana kazi. Hakuna anayeangalia mtoto. Ndiyo maana somo hili linafundishwa kwenye kliniki.

1. KWA NINI SHOFERE ANAKATAA

Anakataa vitu vya namna tano: vile vinavyowaka, vile vinavyounguza ngozi, vile vyenye sumu, vile vinavyooza ao vyenye uhai, na vile vinavyoleta mambo na polisi njiani.

Toka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 300. Jua ni kali na kamyo inatikisika. Bidoni ambayo haikufungwa vizuri inatoka matone. Magodoro yanakunywa esansi ile. Juu ya mizigo watu wameketi, pengine mama na watoto wao, na mmoja anawasha sigara. Umekwisha kuelewa.

Kwa hiyo usifiche kitu ambacho shofere amekataa. Usikiweke ndani ya godoro wala katikati ya nguo. Ukifanya hivyo hukumdanganya shofere. Umehatarisha watoto wako.

2. TUTAFANYA NINI NA VITU HIVI?

Petroli ya taa na esansi. Siku kumi mbele ya kuhama usinunue tena petroli nyingi. Tumia ile iliyobaki. Kama inabaki bado, mpe jirani mtu mzima, katika bidoni yake yenye kifuniko. Taa nayo uimwage mafuta yote mbele ya kuipakia.

Neno kubwa ni hili: usigawanye petroli katika chupa za limonadi ao za maji ili uibebe mkononi. Mtoto wa miaka miwili anajua chupa ile; ndani yake yeye anapata kitu kitamu. Katika nchi nyingi za Afrika petroli ya taa ni moja ya sumu ambazo watoto wadogo wanakunywa mara nyingi zaidi.

Kama mtoto amekunywa petroli, usimtapishe. Usimpe maziwa, usimpe mafuta ya ngazi. Akitapika, petroli inaweza kuingia katika mapafu, na huko ndiko inaua. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, na umpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa ile. Hata kama anaonekana mzima, mpeleke. Kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuanza nyuma ya masaa.

Mbabula na makala. Makala makavu katika mfuko yanapakiwa. Mbabula yenye moto haipakiwi. Mama mwingine amepika chakula cha asubuhi, kamyo inafika, anamwaga makala ya moto nyuma ya nyumba. Mtoto anapita pale bila viatu. Zima makala kwa maji mengi, koroga, ngoja, mwaga maji tena.

Mtoto akiungua, weka pahali palipoungua chini ya maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala yai. Funika kwa kitambaa safi na uende hospitali.

Usiku wa kwanza katika nyumba mpya ni hatari tena. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, na mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali. Madirisha bado hayana pazia, nguo za kulalia ziko bado katika mizigo. Mama anaingiza mbabula ndani na kufunga mlango ili watoto wapate joto. Moshi wa makala una sumu ambayo haionekani wala hainuki. Watu wanalala na hawaamki. Mbabula ibaki nje sikuzote. Kwa hiyo mablanketi yapakiwe mwisho, ili yatoke kwanza.

Batri. Batri ya motokari ao ya taa za jua ina asidi ndani yake, na risasi. Shofere anaogopa asidi, kwa maana inakula nguo na ngozi. Wewe uogope risasi pia: inaharibu akili ya mtoto pole pole, na hatalia hata kidogo. Usipasue batri, usimwage maji yake katika lupango, usiiache mtoto aichezee. Irudishe kwa yule anayeuza batri. Mara nyingi anainunua. Batri nzima inasafiri imesimama, ndani ya beseni ya plastiki, kama shofere amekubali. Asidi ikimgusa mtoto, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi kwa dakika 20.

Na zile batri ndogo za mviringo, kama kifungo, za saa na za vitu vya kuchezea: mtoto akimeza moja, usingoje itoke. Inaweza kuunguza koo lake katika masaa mawili. Kimbia hospitali.

Dawa ya panya, dawa ya wadudu, javeli, soda kali ya kutengeneza sabuni. Hivi vyote vibaki katika chupa ao kopo lake vilipotoka dukani, pamoja na maandishi yake. Usivihamishe katika karatasi ao katika kopo la maziwa. Mpe mtu mzima anayejua kuvitumia, ao uulize kituo cha afya. Usivitupe kisimani, mtoni ao katika takataka ambako watoto wanatafuta vitu vya kuchezea. Mtoto akinywa javeli ao soda kali, usimtapishe: ilipounguza ikishuka, itaunguza tena ikipanda. Mwoshe kinywa na umpeleke hospitali.

Mihogo iliyo ndani ya maji. Shofere hapendi beseni ya mihogo inayonuka na kumwaga maji. Sasa mama anafanya nini? Anatoa mihogo nyuma ya siku moja tu, anaianika haraka, anaisaga kwa unga wa bukari. Mama, usifanye vile. Mihogo michungu ina sumu, na sumu ile inatoka tu kama mihogo imelala katika maji siku tatu na kukauka vizuri juani. Kule Kwango kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Munganga Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mtu anakula mihogo ambayo haikutengenezwa vizuri kwa majuma mengi, chakula kingine hana, na siku moja miguu inakuwa migumu, hatembei tena vizuri maisha yake yote. Ugonjwa huu unashika zaidi watoto na wanawake. Basi usitie mihogo majini katika juma la kuhama. Ile iliyomo tayari, mwachie jirani amalize siku zake.

Kuku, mbuzi na mbwa. Kuku wanaweza kwenda katika kitunga chenye hewa, mbali na chakula na mbali na watoto. Mbuzi, kama safari ni ndefu, afadhali uuze na ununue mwingine kule. Pesa hazivunjiki njiani. Mbwa usimwache peke yake. Mbwa aliyeachwa anazungukazunguka, anapigana na wengine, anaweza kupata ugonjwa wa wazimu wa mbwa na kuuma watoto wa jirani. Mpe mtu atakayemlisha. Mtoto akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, na uende hospitali siku ile ile kwa sindano. Ugonjwa ule ukianza kuonekana, hauna dawa.

Madini na mifuko yake. Katika nyumba nyingi bwana ana mifuko ya madini chini ya kitanda. Shofere anakataa kwa sababu ya polisi na makaratasi. Wewe ukatae kwa sababu ya vumbi. Mwaka 2018 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza mambo waliyoona Kasulo: watoto waliokaa karibu na mashimo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo kuliko watoto wa mtaa ambao haukuchimbwa. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine wa Lubumbashi ulionyesha kwamba watoto wenye kuzaliwa na kilema walionekana zaidi kwa wababa wenye kazi ya madini.

Zungumza na bwana kwa utulivu. Mwambie madini yauzwe mbele ya kuhama, yasiingie katika nyumba mpya. Na mfuko uliobeba madini, hata ukifuliwa mara tatu, usiutie unga, mahindi, nguo wala mtoto alalie. Mifuko ile mtu anaiokota bure siku ya kuhama, kwa maana vitu ni vingi. Afadhali ununue mipya.

Dawa zilizobaki. Vidonge vya zamani usivipakie wala usivigawie majirani. Vipeleke kwenye kituo cha afya.

3. VITU AMBAVYO KAMYO INAKUBALI, LAKINI WEWE UKATAE

Kuna vitu shofere atapakia bila neno, lakini havifai kupanda. Kamyo inaweza kuharibika njiani na kulala siku mbili. Hivi vibebe mwenyewe katika mfuko wa mkononi:

– Karte ya CPS ya kila mtoto, na karte ya CPN kama una mimba. Bila karte, munganga wa kule hajui chanjo gani mtoto amepata.
– Dawa ambazo mtu anakunywa kila siku: za kifua kikuu, za ukimwi, za sukari, za kifafa. Mbele ya kuhama, omba hapa barua ya kuhamishwa kwa kituo cha kule. Dawa ya kifua kikuu isikatwe hata kwa sababu ya safari.
– Chandarua. Usiku wa kwanza kifungwe mbele ya kila kitu kingine. Mbu wa nyumba mpya hawangoji ufungue mizigo.
– Maji safi ya kunywa, sabuni, na chakula cha siku moja.

4. KAZI YA JUMA MOJA

Siku ya saba mbele ya kuhama, zunguka nyumba pamoja na bwana ao ndugu yako. Tazama chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya nyumba. Tenga vitu katika mafungu manne: vya kumaliza, vya kumpa jirani, vya kurudisha dukani, vya kubeba mkononi. Mwite shofere mapema na umwulize: «Wewe hupakie nini?» Ukijua mbele, hakuna ugomvi mlangoni.

Siku yenyewe, mchague mtu mmoja, bibi ao dada mkubwa, ambaye kazi yake ni watoto tu. Asibebe hata kijiko.

Ukifika, kabla watoto hawajashuka, tazama lupango lwa mpya. Aliyehama pale naye ameacha vitu ambavyo kamyo yake ilikataa: batri, chupa, makopo, mabaki ya madini. Nyunyiza maji chini ndipo ufagie, ili vumbi lisipande. Chupa ambayo hujui mambo yake, usiinuse na usiionje.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yangu leo, ni vitu gani ambavyo shofere angekataa? Viko wapi? Mkono wa mtoto unafika pale?
2. Petroli yangu iko katika chupa ya namna gani?
3. Mtoto akinywa petroli, kwa nini nisimtapishe?
4. Kama ningehama kesho, karte za watoto wangu ningezipata katika dakika tano?

Mama ambaye hahami, naye ajibu swali la kwanza na la pili. Sumu haingoji siku ya kuhama.