Motokari Inayotangatanga Njiani



Mnaijua njia kubwa inayotoka Lubumbashi kupita Likasi na Fungurume mpaka Kolwezi. Makamioni ya shaba hupita mchana na usiku, na kando yake watoto wanakwenda shuleni, na wanaume wanasukuma makinga yenye makala. Sasa fikirini Land Rover ya zamani ya chama cha wakulima. Imebeba magunia ya mahindi, na juu ya magunia wameketi mama wanne. Dereva anashika usukani sawasawa, lakini motokari inakwenda kushoto. Anairudisha, inakwenda kuume. Anairudisha tena. Mbele kamioni inakuja, na nafasi kati ya hizo mbili haipiti urefu wa mpini wa jembe.

Wengi husema: «Ni ya zamani, ndiyo tabia yake.» Si kweli. Motokari haina tabia. Ina kitu kilicholegea, na kitu hicho kinaweza kuonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono.

Mimi ni monitere wa kilimo, si fundi wa garaji. Lakini motokari ya chama chetu ilitangatanga msimu mzima. Fundi mmoja wa mjini alituuzia amortiseri ya usukani, mpya, kwa bei ya magunia kumi na mawili. Juma moja tulifurahi. Juma la pili ikaanza tena. Nikalala chini yake na taa, nikakuta buloni za U zinazofunga resori ya kushoto zimelegea, na ponti ya mbele ilikuwa ikisogea juu ya resori. Ekuru nne tu! Amortiseri inatuliza mtikisiko, haifungi kilicholegea. Ilituficha ugonjwa, nasi tukaendelea kupakia watu.

Ninasema hapa juu ya Land Rover zenye resori za majani, zile zilizotengenezwa toka 1948 hata 1985. Motokari nyingine zenye ponti ngumu mbele zinafanana nazo kwa mengi, lakini hesabu za kila moja zimo katika kitabu chake.

Neno kubwa ni hili: msianze na paralelisimu. Paralelisimu ni kunyosha magurudumu mawili ya mbele yaelekee pamoja, na watu hukimbilia hapo kwanza. Lakini ukipima kitu kilicholegea, kipimo cha leo si kipimo cha kesho. Anzeni chini, kwenye udongo, mpande pole pole mpaka usukani. Paralelisimu ni ya mwisho.

Kwanza mipira. Upepo wa kuume na wa kushoto uwe sawa kwa ponti moja. Mpira wenye upepo kidogo huvuta motokari upande wake. Tena msitie mbele mpira wa namna moja kuume na wa namna nyingine kushoto. Kisha pitisheni kiganja juu ya meno ya mpira, toka ndani kwenda nje, tena toka nje kwenda ndani. Kama njia moja ni laini na njia ya pili inakwaruza kama msumeno, magurudumu hayaelekei pamoja. Mpira ulioliwa upande wa nje waonyesha kwamba yamefungana mno kwa mbele. Ulioliwa upande wa ndani, yamefunguka.

Angalieni na mzigo. Magunia yote yakiwekwa nyuma kabisa, mbele panakuwa pepesi, na magurudumu ya mbele hayashiki njia vizuri. Mzito ukae karibu na dereva. Dawa hii haina bei, na bado tunaisahau.

Baada ya mipira, resori. Kazeni buloni za U zote. Angalieni kama jani limevunjika, kama mpira mdogo wa masikio ya resori umekwisha, kama buloni ndogo ya katikati imekatika. Ikikatika, ponti inaweza kurudi nyuma upande mmoja, na motokari inakwenda kama mbwa anayekimbia kiubavu. Pimeni kwa kamba toka katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kuume na kushoto. Vipimo viwe sawa.

Hapa nieleze jambo moja, maana ndilo linalofanya motokari inyoke yenyewe. Tazameni kinga. Chuma kinachoshika gurudumu la mbele hakisimami wima. Kimelala kidogo, juu nyuma, chini mbele. Kwa sababu hiyo kijana anaweza kuachilia mikono, na kinga ikaendelea mbele. Land Rover nayo imelazwa hivyo, digri 3. Hakuna buloni ya kurekebisha digri hizo. Zinatoka kwa ponti na resori. Basi mtu akitia resori zisizo zake, au vipande vya chuma vya kuinua mbele apendavyo, anaharibu ulalo huo, na usukani hausukumwi tena kurudi katikati. Nimeona vijana wakiinua motokari ili ionekane ya nguvu. Ni ya nguvu kweli ya kwenda porini!

Sasa inueni gurudumu moja la mbele kwa kriki. Wekeni mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu mengine, na kigogo kigumu chini ya ponti. Msitumaini kriki peke yake, wala matofali, maana tofali hupasuka bila kuonya. Jueni pia kwamba breki ya mkono ya Land Rover hizo haishiki magurudumu. Inashika mti wa chuma unaokwenda nyuma. Siku mtakapoinua gurudumu la nyuma, breki hiyo haitawazuia.

Shikeni gurudumu juu na chini, mkalitikise. Likicheza, mtu mmoja akanyage breki ya mguu, nanyi mtikise tena. Kama mchezo umekwisha, ni rulema za gurudumu. Kama mchezo unabaki, ni pivoti, ile mihimili miwili ya juu na ya chini ambayo gurudumu hugeukia. Rulema hukazwa kwa ekuru ya ndani huku gurudumu likizungushwa, kisha hurudishwa kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru bila kucheza kwa kuonekana. Kisahani kilicho kati ya ekuru mbili kikunjwe vizuri, kisipokunjwa gurudumu linaweza kutoka njiani. Pivoti hukazwa kwa kupunguza vibati vyembamba vilivyo chini ya kifuniko cha juu. Kazi hiyo mpeni mtu aliyekwisha kuifanya. Pivoti zikiwa laini mno motokari hutetemeka. Zikiwa ngumu mno usukani haurudi.

Shusheni gurudumu. Sasa rotili, vile vifundo vya mviringo kwenye ncha za fimbo za usukani. Land Rover hiyo ina fimbo tatu, basi rotili sita. Motokari isimame chini kwa magurudumu yake, moto umezimwa. Mmoja achezeshe usukani kidogo kuume na kushoto, bila kuchoka. Wa pili alale chini na kuzungushia kiganja kila rotili, moja moja. Iliyokwisha itagonga ndani ya mkono kabla fimbo ya pili haijasogea. Mkono hausemi uongo. Macho yanaweza kudanganywa na gresi na vumbi.

Rotili iliyokwisha haitengenezwi. Inabadilishwa. Kabla ya kuitoa hesabuni nyuzi zinazoonekana, ili mpya iingie hapo hapo. Ekuru yake itiwe gupiya mpya, si msumari wala waya wa kufungia kuku. Tena fimbo iliyopindwa na kisiki msiinyoshe kwa moto, wala msichomelee chuma chochote cha usukani. Ikikatika, dereva anabaki ameshika duara mkononi, na hakuna kinachomtii.

Kati ya fimbo mna rele. Ni chuma kama chupa kilichosimama ndani ya shasi mbele. Ndani yake mna mafuta. Watu wengi hawajui, nayo hukaa kavu miaka. Fungueni buloni ya juu, jazeni mafuta. Lakini rele yenyewe msiifungue kamwe! Ndani mna resori iliyobanwa kwa nguvu nyingi, na ikiruka yaweza kuvunja uso wa mtu.

Mwisho wa kupanda ni sanduku la usukani. Lina skurubu ya kukazia yenye ekuru. Kazeni kidogo tu, magurudumu yakiwa yamenyoka mbele, kisha geuzeni usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Ukikwama popote, mmezidisha. Mafundi wavivu hukaza hapa ili kuficha rotili zilizokwisha. Usukani unakuwa mgumu, mwenye motokari anafurahi, na ugonjwa unabaki.

Sasa, na sasa tu, paralelisimu. Tafuteni mahali pagumu na tambarare. Tengenezeni kipimo cha mti: ubao mrefu ulionyoka, wenye miguu miwili inayosimama mpaka kimo cha katikati ya gurudumu, na msumari juu ya kila mguu. Sukumeni motokari mbele kidogo, magurudumu yakiwa yamenyoka; msiirudishe nyuma. Tieni alama ya chaki kwenye ukingo wa ndani wa kila janti, upande wa mbele, kwa kimo cha katikati. Rekebisheni misumari iguse alama mbili. Kisha sukumeni motokari mbele nusu mzunguko, alama zije nyuma. Pelekeni kipimo huko. Msumari wa kushoto uguse alama yake, na wa kuume uache nafasi. Pimeni nafasi hiyo kwa rula ya mwanafunzi. Nyuma pazidi mbele kwa milimita 1.2 hata 2.4, basi. Ni kama mtu ambaye vidole vya miguu yake vinaangaliana kidogo sana.

Kama sivyo, legezeni kolari mbili za fimbo inayounganisha magurudumu, mgeuze bomba lake. Ncha moja ina nyuzi za kuume na ya pili nyuzi za kushoto, kwa hiyo bomba likigeuzwa fimbo hurefuka au hufupika. Geuzeni robo, sukumeni mbele, pimeni tena. Ikizidi kuharibika, geuzeni upande mwingine. Sisi tulipima mara saba, mpaka jua likatua, na mzee mmoja akatuuliza kama tunapima motokari au kaburi.

Kazeni kolari. Nendeni kwanza bila mzigo wala watu, pole pole, mahali pasipo makamioni. Mkirudi, laleni tena chini yake na ufunguo mkononi, mshike kila ekuru mliyoigusa, maana zilizokaa vizuri garajini huweza kulegea baada ya mashimo ya kwanza. Hapo ndipo mama wanaweza kupanda.