Kamba ya Winchi: Itunze Ikutunze



Ni mwezi wa Aprili. Mvua za masika zinanyesha. Gari la kituo cha afya limekwama kwenye tope bondeni. Ndani yake mna mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Wanakijiji wanakuja na majembe na matawi ya miti. Dereva anaikunjua kamba ya winchi na kuipeleka kwenye mti mkubwa. Kila mtu anasogea karibu ili aone.

Je, kamba hiyo ni nzima? Na wewe umesimama wapi? Somo letu la leo linahusu maswali hayo mawili.

WINCHI NA KAMBA YAKE

Winchi ni mashine ya kuvutia. Hufungwa mbele ya gari. Ina pipa dogo la chuma linalozunguka, nalo huitwa ngoma. Ngoma ikizunguka, kamba hujikunja juu yake. Gari nalo hujivuta polepole kutoka matopeni.

Zamani kamba za winchi zilikuwa za waya wa chuma. Siku hizi magari mengine yana kamba ya plastiki iitwayo poliethilini. Plastiki hii ni ya ukoo mmoja na ile ya madumu ya maji. Lakini kiwandani nyuzi zake hunyooshwa sana mpaka zinapata nguvu kubwa. Nyuzi za namna hii zilianza kutengenezwa kwa wingi huko Uholanzi mwaka 1990. Kisha nyuzi hukusanywa na kusukwa kama tusukavyo ukili.

Kamba hii ina faida nyingi. Haishiki kutu. Haiozi kama kamba ya katani iliyolowa. Huelea juu ya maji. Haina ncha za waya za kuchoma mikono. Tena ni nyepesi. Kamba ya waya yenye urefu wa mita 30 na unene wa milimita 10 ina uzito wa kilo 12 hivi. Kamba ya plastiki ya kipimo hicho haifiki hata kilo 3. Nguvu yake hata hivyo si pungufu kuliko ya waya.

Kwa sababu haishiki kutu, watu wengine hudhani kamba hii haifi. Hilo ni kosa. Inakufa, ila kwa njia nyingine.

MAADUI WANNE WA KAMBA

1. Mchanga. Tope likikauka, chembe za mchanga hubaki ndani ya msuko. Kila kamba inapovutwa, chembe hizo hukata nyuzi kidogo kidogo. Baada ya kazi ya matopeni, ikunjue kamba yote. Iloweke katika maji safi. Ikunjekunje kwa mikono mpaka mchanga utoke. Ianike kivulini.

2. Jua. Jua kali hudhoofisha nyuzi za plastiki. Umeona ndoo iliyoachwa juani miaka mingi inavyopasuka. Funika winchi kwa turubai wakati haitumiki.

3. Joto. Kamba hii huyeyuka kwenye joto la digrii 150 hivi. Lakini huanza kupoteza nguvu mapema zaidi, kwenye digrii 70 hivi. Maji huchemka kwa digrii 100. Kwa hiyo hata joto lisilochemsha chai linaweza kuidhuru. Usiiache iguse bomba la moshi. Winchi ikifanya kazi kwa muda mrefu, ipumzishe ipoe.

4. Makali. Jiwe, ukingo wa bati au chuma chenye meno hukata kamba iliyokazwa mara moja. Angalia pia mdomo wa chuma ambao kamba hupitia. Ikiwa zamani gari lilitumia kamba ya waya, mdomo huo huwa na mikwaruzo. Ubadilishwe, uwekwe ulio laini.

KUIKAGUA KAMBA

Kagua kamba kabla ya safari, si wakati gari limekwisha kukwama. Ipitishe yote mkononi, polepole. Manyoya machache juu ya kamba si hatari. Lakini sehemu ngumu inayong'aa imeungua. Sehemu iliyokuwa nyembamba imeliwa ndani. Robo ya unene ikiwa imekwisha, kamba hiyo isivute gari tena.

Usiunge kamba iliyokatika kwa kufunga fundo. Fundo huondoa kama nusu ya nguvu ya kamba, au zaidi. Mpelekee fundi anayejua kuisuka upya. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

SIKU YA KUVUTA

Mti ufungwe mkanda mpana, na ndoano ya kamba ishikizwe kwenye mkanda. Usiuzungushie mti kamba yenyewe. Itakwaruzika, na mti nao utaumia.

Kamba isikunjuliwe yote. Iachwe angalau mizunguko 10 kwenye ngoma, isije ikachomoka.

Weka gunia au blanketi zito katikati ya kamba kabla ya kuvuta. Kamba ikikatika, uzito huo utaiangusha chini.

Watu wote wakae mbali kuliko urefu wa kamba iliyokunjuliwa. Wasisimame kwenye mstari wa kamba, mbele wala nyuma. Mtu asiiruke kamba iliyokazwa. Watoto warudishwe nyumbani. Kamba ya plastiki ikikatika hairuki kwa nguvu kama waya, lakini ndoano ya chuma ikifyatuka nayo inaweza kuua.

Mtu mmoja tu ampe dereva ishara. Wengi wakipiga kelele, dereva hatajua amsikilize nani.

Sasa turudi bondeni. Dereva aliiosha kamba yake wiki iliyopita. Ameikagua. Wanakijiji wamesimama mbali, kimya. Winchi inanguruma. Gari linatoka kwenye tope, na mama anaendelea na safari. Hakuna aliyeumia. Kazi hiyo haikuanza leo. Ilianza siku ile kamba ilipooshwa.

MASWALI

1. Taja maadui wanne wa kamba ya plastiki.
2. Kwa nini tope lililokauka ni hatari kwa kamba?
3. Kwa nini haifai kuunga kamba kwa fundo?
4. Zungumzeni darasani: gari likikwama kijijini kwenu, nani atawarudisha watu nyuma?