Ufundishaji Vyuoni Baada ya Masomo ya Mtandaoni: Maswali na Majibu

Mhadhiri akirekodi kipindi na kukiweka kwenye mfumo wa chuo, je, hajawafikia wanafunzi wote?

Hajawafikia, na dhana hii, iliyoota mizizi tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, ndiyo inayopaswa kung'olewa kwanza. Video ya saa moja inayorushwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 za bando, ilhali sauti peke yake, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, haifiki megabaiti 15, na kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atasoma au ataazima simu ya mwenzake. Tena kiziwi hafaidiki na video isiyo na manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa, wala asiyeona hawezi kujua mhadhiri anaonyesha nini anaposema "tazameni hapa". Vitini vilivyopigwa picha na kuhifadhiwa kama PDF navyo havina msaada, kwa kuwa kisoma-skrini, yaani programu inayotamka maandishi yaliyomo kwenye kompyuta, hutambua herufi zilizochapwa, na mbele ya picha ya herufi hunyamaza. Mhadhiri anayechapa maelezo yake, akayagawa kwa vichwa, akaambatanisha sauti inayopakulika, amefanya zaidi ya mwenye kamera tatu.

Visoma-skrini si ghali mno kwa vyuo vyetu?

Kisoma-skrini kiitwacho NVDA hutolewa bure.

Kamera ya mwanafunzi iliyozimwa wakati wa kipindi cha mtandaoni si dalili ya uvivu?

Ni dalili ya bando.

Barua kadhaa zinauliza, kwa maneno tofauti, kama kulegeza ratiba hakushushi hadhi ya shahada.

Hofu hii imechelewa, kwani shahada zenye ratiba huru si jambo jipya: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na Uingereza ilikuwa na chuo cha namna hiyo tangu 1969. Hadhi hulindwa na umahiri unaopimwa: mwanafunzi wa sheria anayeongezewa siku mbili za kuchambua mkataba hapunguziwi chochote, ila mwanafunzi wa uuguzi hawezi kusamehewa kutundika dripu mbele ya mkufunzi, hata awe na udhuru gani. Idara ambayo haijaamua lipi ni la lazima na lipi ni mazoea tu haina msingi wa kukataa wala wa kukubali.

Programu za kusimamia mitihani kwa kamera zinafaa?

Wauzaji huahidi kwamba programu hizo humtambua mdanganyifu kwa kufuatilia macho yake, lakini macho ya mtahiniwa huhama pia kwa sababu ya ulemavu, au kwa sababu chumba chake kina wadogo zake wanne. Swali linalodai kukariri huibiwa kwa urahisi, na linalodai hoja juu ya jambo jipya huibiwa kwa shida; chuo kinachonunua programu hizo kabla ya kuwapa wahadhiri muda wa kutunga maswali upya kimetumia fedha vibaya.