Programu Yako Ivae Ukungu: Vidokezo 6 vya Haraka

Umekaa barazani hapa Kinjumbi, laptopu mapajani. Programu yako ya kupokea ufuta inapiga hesabu vizuri tu, ila sura yake, mh! Ukuta usiopakwa chokaa. Njoo tuirembe kabla chai haijapoa.

1. Mstari mmoja tu, basi
Wewe ni wa Python na Tkinter? Andika root.attributes("-alpha", 0.92). Moja ni dirisha lisilopenyeza kitu, sifuri ni dirisha lililotoweka, nawe ubaki kulitafuta. Wa Qt tumieni setWindowOpacity, hesabu ni hiyohiyo. Kodi hii haina TRA, ichezee utakavyo.

2. Usishuke chini ya 0.85
Hili nimelilipia. Msimu mmoja nilishusha hadi 0.5, na nyuma ya dirisha kulikuwa na picha ya harusi ya shangazi, mapambo tele. Karani wa mizani anasoma kilo 68, mimi naona 88, na mwenye ufuta kashika kiuno anatusikiliza. Shida ni kwamba alpha hufifisha vyote: usuli, vitufe, hadi tarakimu zenyewe.

3. Fifisha usuli, tarakimu ziache
Unachotaka ni kile kioo cha dirisha la bafuni: mwanga unapita, umbo halionekani. Windows Vista ilikuja nacho kwa jina la Aero, Windows 8 ikakiondoa mwaka 2012, Windows 10 ikakirudisha 2017 kikiitwa Acrylic. Kwenye Windows 11, kuanzia toleo la 22H2, ita DwmSetWindowAttribute kwa sifa namba 38. Ukiipa 3 unapata Acrylic, inayotia ukungu chochote kilicho nyuma. Ukiipa 2 unapata Mica, inayochota rangi ya picha ya mezani mara moja tu, kisha inatulia. Kwa dirisha linaloshinda wazi kutwa, mimi ni wa Mica, mashine haihemi. Acrylic iachie menyu zinazofunguka na kufungika.

4. Umeita, kimya?
Usitupe laptopu! Huenda ukungu upo, ila programu yako imeufunika kwa rangi. Ita DwmExtendFrameIntoClientArea, kingo zote nne uzipe -1, halafu paka eneo lako rangi nyeusi tii. Mfumo huiona nyeusi hiyo kama tundu. Ila angalia: kwa uchoraji wa zamani wa GDI, maandishi meusi nayo hutoboka. Yape nyeupe.

5. Wa Mac, kazi yenu nyepesi
NSVisualEffectView ipo tangu Yosemite ya 2014. Iweke chini ya vitu vyako vyote, endelea na maisha.

6. Chomoa chaja
Betri ikiwekwa kwenye hali ya kubana matumizi, Windows huzima Acrylic yenyewe na kuweka rangi tupu. Kwa hiyo chagua mapema rangi ya akiba inayopendeza. Kisha toka nje saa saba mchana, jua la utosi, mpe karani asome kilo mara kumi mfululizo bila kukunja uso. Wangu alizisoma zote. Ukungu hata hakuuona. Alichoomba ni tarakimu ziwe kubwa zaidi.