Yusto Hakuchaguliwa: Somo kwa Mnaoomba Vyuo



Vijana wenzangu, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, hapa stendi ya Soni utawakuta vijana wameinamia simu. Magari ya Mombo na Lushoto yanapita, wao hata hawasikii. Kila mmoja anatuma maombi ya chuo. Baadaye majina yanatoka: nyumba moja inapika pilau, ya jirani inakaa kimya. Somo la leo ni la nyumba hiyo ya pili.

Neno: Matendo ya Mitume 1:15-26

Yuda ameacha nafasi moja wazi. Petro anasimama mbele ya watu wapatao 120 na kutaja sifa: anatakiwa mtu aliyekuwa pamoja nao tangu ubatizo wa Yohane hadi Bwana alipopaa. Wanapatikana wawili, Yosefu Barsaba aitwaye Yusto, na Mathia. Wanasali, wanapiga kura, inamwangukia Mathia. Tunamwadhimisha kila tarehe 14 Mei. Na Yusto je?

1. Sifa kwanza. Petro alitaja vigezo kabla ya kusali. Nawe soma mwongozo wa udahili wa TCU kabla hujalipa ada ya maombi. Ukitaka udaktari, bila Fizikia, Kemia na Biolojia hufiki. Novena haigeuzi S ya Kemia kuwa C.

2. Kuwa na sifa siyo kuchaguliwa. Yusto alikuwa nazo zote. Vyuo vinavyokimbiliwa na wengi, kama MUHAS pale Muhimbili, alama za chini zinakupa ruhusa ya kuomba tu. Nafasi ni chache, na wenye alama za juu wapo wengi. Kwa hiyo usiombe chuo kimoja ukakaa kusubiri muujiza. Kuna Bugando, Ifakara, KCMC, Dodoma. Kuna uuguzi, kuna maabara. Ukikosa awamu ya kwanza, fuatilia inayofuata. Na ukichaguliwa vyuo viwili, thibitisha kimoja mapema kwa ile namba ya siri unayotumiwa. Kuna mwenzako anaisubiri hiyo nafasi nyingine.

3. Usinunue kura. Mwaka wangu nilikosa awamu ya kwanza. Jamaa mmoja akanipigia simu: toa laki tatu, jina litaingia. Mama alikuwa tayari kuuza mbuzi. Sitajifanya mtakatifu, nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni kufikiria kitubio: nitaungamaje huku bado nimekalia kiti cha mtu? Nikakataa. Awamu ya pili nikapata kozi ambayo haikuwa chaguo langu la kwanza, na ndiyo inayonilisha mpaka leo. Lakini hata ningekosa kabisa, mbuzi wa mama angekuwa zizini na dhamiri yangu ingekuwa safi.

4. Yusto hakuanguka. Maandiko hayataji kosa lake lolote. Miaka aliyotembea na Bwana haikufutwa na kura. Halafu geuza ukurasa: sura ya pili ni Pentekoste, na Neno linasema wote walijazwa Roho Mtakatifu. Hakuulizwa mtu kama alishinda kura. Orodha ya chuo inakuambia utasoma wapi mwaka huu. Haina uwezo wa kukuambia Mungu amekuitia nini.

Basi wewe ambaye jina halijatoka, usijifungie ndani. Jumapili njoo kwaya kama kawaida. Na wewe uliyechaguliwa, kabla ya pilau, pita kwa jirani.

Tafakari
- Nimeomba kozi hii kwa sababu naipenda, au kwa sababu ya sifa mtaani?
- Ni nani jirani yangu amekosa, na nimemwambia nini?

Sala
Bwana, wewe wajua mioyo ya watu wote. Nikichaguliwa, nipe unyenyekevu. Nisipochaguliwa, nipe moyo wa Yusto, nibaki na wewe. Mtakatifu Mathia, utuombee. Amina.