Mbu Mgeni wa Mijini: Kumtambua na Kumdhibiti Anopheles stephensi

Kwa muda mrefu malaria barani Afrika imehesabiwa kuwa hasa ugonjwa wa vijijini na wa majira ya mvua. Mbu Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia ya Kusini na Rasi ya Uarabuni, anaibatilisha hesabu hiyo. Alibainika nchini Djibouti mwaka 2012, ambapo wagonjwa 27 tu wa malaria waliripotiwa. Mwaka 2020 waliripotiwa zaidi ya 73,000, ongezeko ambalo wataalamu wanalihusisha kwa sehemu kubwa na mbu huyu. Nchini Kenya alithibitishwa mwaka 2022 katika Kaunti ya Marsabit.

Hutaga mayai katika maji safi yaliyohifadhiwa: matangi, mapipa, visima vya majumbani na mashimo ya maji ya ujenzi. Kwa hiyo huzaliana hata wakati wa kiangazi.

Utambuzi huanzia kwenye maji. Viluwiluwi vya Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Vya Aedes na Culex huning’inia kichwa chini, kwa kuwa hupumulia mrija ulio mkiani. Alama hii huonyesha kundi tu. Anopheles stephensi hufanana sana na mbu wenyeji wanaoeneza malaria, hivyo uthibitisho huhitaji darubini au kipimo cha vinasaba. Anayeona viluwiluwi vilivyolala ndani ya tangi mjini asidhani ni mbu wa kawaida. Amjulishe afisa afya ili sampuli ichukuliwe.

Chandarua chenye dawa kiendelee kutumika, lakini hakitoshi: mbu huyu huuma pia nje, jioni, kabla ya watu kulala, na ana usugu dhidi ya viuatilifu vingi. Kinga kuu ni kufunika vyombo vya maji pasipo kuacha upenyo, na kuvimwaga na kuvisugua kila wiki, kabla viluwiluwi havijawa mbu kamili. Tangi lisiloweza kumwagwa litiwe kiuaviluwiluwi kilichoidhinishwa kwa maji ya kunywa, chini ya usimamizi wa mtaalamu.

Mhudumu wa afya asiiondoe malaria katika mawazo yake kwa sababu mgonjwa anaishi mjini, hajasafiri, au mvua haijanyesha. Kila homa ipimwe. Naye mgonjwa asinunue dawa kwa kukisia, bali awahi kituoni. Homa iliyopimwa mapema huokoa maisha, na huweza kufichua kuwa mgeni huyu amekwisha kuingia mtaani.